Konda Asiyekonda

Wiki ya saba ya mazoezi ilinikuta nikipanda mizani mara nne kwa asubuhi moja. Mara ya kwanza nimejifunga taulo. Mara ya pili nimelivua. Mara ya tatu nimetoka chooni. Mara ya nne nimeisogeza mizani kutoka kigae cha katikati hadi kigae cha mlangoni, maana nilishagundua kwamba kigae cha mlangoni kina huruma, hunipunguzia kama gramu mia mbili. Siku hiyo hata chenyewe kilinikana. Kilo 91.7. Wiki saba kabla ya hapo, siku niliyovaa raba mpya na kumtangazia mume wangu kwamba safari hii sirudi nyuma, mizani hiyohiyo ilisoma 91.4.

Nimeongezeka, jamani. Wiki saba za kuamka saa kumi na moja alfajiri, siku tano kwa wiki, kilomita tano kila siku, nikipima nguvu zangu kwa nguzo za umeme: nguzo moja nakimbia, nguzo tatu natembea huku nahema. Visigino vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakaota sugu. Na mwisho wa yote hayo, gramu mia tatu juu.

Mume wangu akauliza kutoka chumbani, "Inasemaje leo?"

"Betri imekwisha," nikamjibu.

Nadhani wengi wanaoacha mazoezi huacha asubuhi ya namna ile. Watu husema ni uvivu, lakini mvivu gani anayeamka saa kumi na moja wiki saba mfululizo? Mtu amefanya kazi, amepanga foleni dirisha la malipo, akaambiwa jina lake halimo kwenye orodha. Nani atarudi kazini kesho yake? Mimi nilibakiza kidogo sana nizivue zile raba moja kwa moja. Na kilichonizuia, niseme kweli, wala hakikuwa ujasiri. Ilikuwa hasira. Nilitaka kujua nani kanidhulumu. Nikachukua karatasi na kalamu.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takriban kalori 7,700. Hiyo ndiyo akiba ninayotaka itumike. Upande wa matumizi, mtu mwenye kilo tisini akitembea kilomita tano, ukitoa kile ambacho mwili wake ungetumia hata kama angekaa tu, kazi ya mwendo ule ni kama kalori 250. Tuseme 300 kwa heshima ya zile nguzo nilizokimbia. Zidisha kwa siku tano, zidisha kwa wiki saba. Nilipata kalori elfu kumi na mia tano. Kwa hiyo kwa jasho lote lile, hata kama nisingeongeza tonge moja, haki yangu ilikuwa kilo moja na kidogo. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshapungua saba, moja kila wiki, na nguo ya kuvaa siku hiyo nilishaichagua.

Halafu, matonge niliongeza. Chupa ya nusu lita ya kinywaji chenye sukari ina kalori kama 200. Mimi nilikuwa nafungua moja nikirudi, jasho halijakauka, tena nainywa kwa haki kabisa kama mtu anayepokea mshahara wake. Chupa moja inameza sehemu kubwa ya safari. Nilikuwa naenda kilomita tano ili niweze kuinywa.

Kuna jingine nililigundua kwa aibu. Siku za mazoezi nilikuwa natuma watoto kupita kiasi. "Niletee simu yangu." "Nisogezee huo mto." "Hebu kaangalie nani anagonga." Siku ambazo sikutoka, nilikuwa nainuka mwenyewe, napanga kabati, nafuata kitu dukani kwa miguu. Mwili ulikuwa unajilipa zile kilomita tano kwa kunikalisha jioni nzima, na mimi sina habari.

Baadaye nikakuta kwamba hata wataalamu wamekutana na jambo linalofanana na hili, kwa ukubwa zaidi. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe, watu wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Kwa siku moja hao hutembea na kuchakarika kuliko mtu wa ofisini anavyofanya kwa siku kadhaa. Walinyweshwa maji yaliyowekewa alama maalumu, kisha mkojo wao ukapimwa ili ijulikane mwili umetumia nishati kiasi gani. Kila mtu alitarajia pengo kubwa. Ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati waliyotumia Wahadzabe kwa siku haikutofautiana na ya Wamarekani na Wazungu wa kukaa vitini. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili una bajeti: ukiutwisha kazi huku, unabana matumizi kule. Wanasayansi wenzake bado wanabishana naye ni kwa kiasi gani. Mimi sikusubiri ubishi uishe, kwa kuwa nilishawaona wanangu walivyochoka kutumwa.

Kwa hiyo dhuluma haikuwepo. Nilikuwa nayadai mazoezi deni ambalo hayakukopa.

Zilibaki zile gramu mia tatu. Kutopungua nimeelewa, kuongezeka je? Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kusoma, na nafikiri mtu yeyote anayeanza mazoezi angeambiwa haya siku ya kwanza, machozi mengi yangebaki machoni. Misuli isiyozoea kazi, ukiifanyisha ghafla, hupata michubuko midogo sana isiyoonekana, na mwili huipelekea maji wakati wa kuitengeneza. Yale maumivu ya mapaja yanayokufanya ushuke ngazi kinyumenyume siku ya pili ni sehemu ya shughuli hiyo. Zaidi ya hapo, misuli inayotumika hujifunza kutunza akiba ya wanga, inaitwa glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hulala na gramu tatu hivi za maji. Akiba ikiongezeka gramu mia mbili tu, mizani inaona karibu gramu mia nane. Wala si mafuta hayo, ni petroli ya kukimbilia nguzo inayofuata.

Kwa sisi wanawake ongeza na kalenda. Wengi wetu huhifadhi maji siku za kukaribia hedhi. Nilipoangalia tarehe, ile asubuhi ya mizani mara nne ilikuwa siku mbili kabla. Chumvi iliyozidi jana usiku nayo imo. Choo kilichogoma tangu juzi kimo. Uzito wa mtu mzima kupanda au kushuka kilo moja, hata mbili, ndani ya siku chache ni jambo la kawaida kabisa. Sasa katikati ya mawimbi hayo weka mafuta yanayopungua gramu mia moja na hamsini kwa wiki, kisha useme unataka kuyaona kila asubuhi. Ni kumsikiliza mbu kwenye ngoma. Mbu yupo, ila si kwa sikio hilo.

Tangu hapo nikabadili namna ya kujipima. Napima asubuhi, kabla ya kunywa chochote, kigae kilekile (cha katikati, cha huruma nimekiacha). Namba za wiki nzima nazijumlisha, natafuta wastani, na wastani wa wiki hii naulinganisha na wa wiki kama hii mwezi uliopita, ili hedhi isinivuruge. Kuna watu ambao hata hivyo mizani huwaharibia siku. Hao, kwa maoni yangu, wamkabidhi mtu mizani yao na wasiulize.

Wakati huo huo nilikuwa nafarijiwa kwa methali. Sijui kwa nini mtu akisikia unapunguza uzito humjia methali kinywani. "Mvumilivu hula mbivu," akaniambia mfanyakazi mwenzangu, na mimi nikawaza: mtu anajinyima kula, unamfariji kwa kumwahidi chakula? Mwingine akaniletea "haba na haba hujaza kibaba." Hiyo iliniudhi zaidi, hadi usiku mmoja nilipoigeuza nikaona upande wake wa pili. Haba na haba ndiyo iliyokijaza kibaba changu! Nilikuwa na kilo 69 nilipozaa mtoto wangu wa mwisho na kumaliza kunyonyesha. Miaka kumi na moja baadaye nina 91. Kilo mbili kwa mwaka, gramu 170 kwa mwezi, kasi ambayo mizani yoyote ya nyumbani ingeshindwa kuinasa. Miaka kumi na moja sikuwahi kusimama mbele ya kioo nikalalamika kwamba mbona nanenepa polepole hivi. Uvumilivu wangu wa kunenepa ulikuwa wa kupigiwa mfano. Wa kupungua ulidumu wiki saba.

Shangazi yangu yeye hana habari na methali. Tulikutana kwenye shughuli ya familia, mwezi wa nne hivi wa mazoezi yangu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Eti unafanya mazoezi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Ya nini?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, ila swali lile nilirudi nalo nyumbani. Ya nini? Kama si ya kilo, ya nini? Sikuwa na jibu, na nikaona kwamba bila jibu sitavuka mwezi wa tano.

Jibu nililipata kwenye mabasi ya London. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, daktari Jerry Morris alikuwa anatafuta sababu ya watu kuanguka kwa maradhi ya moyo, ambayo yalikuwa yanaongezeka kwa kasi. Akawatazama wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili. Basi moja, njia moja, moshi mmoja, watu wa maisha yanayofanana, ila dereva amekaa zamu nzima na kondakta anapanda na kushuka ngazi akikusanya nauli, ngazi kati ya 500 na 750 kwa siku ya kazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953. Makondakta walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na waliopata hawakufa kwa wingi kama madereva.

Mtu mwenye akili timamu atauliza: labda madereva walikuwa wanene tu? Morris aliuliza pia. Mwaka 1956 yeye na wenzake wakatoa utafiti wa vipimo vya sare. Sare! Kampuni iliwashonea wafanyakazi suruali, kwa hiyo viuno vyote vilikuwa vimeandikwa kwenye daftari la stoo. Na kweli, suruali za madereva zilikuwa pana zaidi. Lakini walipoendelea kufuatilia, ikaonekana unene peke yake hautoshi kueleza tofauti ile. Kondakta mwembamba alikuwa na nafuu kuliko dereva mwembamba, na kondakta mwenye kitambi alikuwa na nafuu kuliko dereva mwenye kitambi. Morris mwenyewe aliyachukua matokeo yake kwa uzito, akafanya mazoezi maisha yake yote, akafariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Nilimfikiria sana huyo kondakta mwenye kitambi. Hakuna aliyempongeza. Hakuna aliyemuuliza siri. Kila mwaka stoo ilimpa suruali ya kiuno kilekile, na shangazi yake, kama alikuwa naye, alimuuliza hizo ngazi zote ni za nini. Na moyo wake ulikuwa unapiga vizuri kuliko wa mwenzake aliye mbele ya usukani. Kwa Kiswahili chetu anaitwa konda, na hakukonda. Nikajiona mimi ndiye. Konda asiyekonda.

Simaanishi kwamba uzito haujalishi. Magoti yangu yanajua unajalisha. Ninachosema ni kwamba mazoezi yana kazi yake, na kupungua uzito kuna kazi yake, na mimi nilikuwa nimezifunga pamoja kama punda wawili wa mwendo tofauti. Mmoja akichelewa, nampiga mwenzake. Nilipowafungua ndipo kila mmoja akaenda.

Punda wa uzito nikampeleka mezani, huko ndiko njia yake. Chupa ya baada ya mazoezi niliiacha, nikawa nakunywa maji. Sahani ya pili nikaipunguza iwe ya siku moja moja. Zaidi ya hapo sikujitesa, na kuna sababu. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa washindani 14 waliopungua kwa kasi ya ajabu kwenye shindano la televisheni huko Marekani, makumi ya kilo kwa miezi michache. Miaka sita baadaye wengi wao walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito, na miili yao ikiwa imepumzika ilitumia kwa wastani kalori kama 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Niliposoma hayo, nusu kilo yangu kwa mwezi nikaanza kuiangalia kwa jicho la upole.

Punda wa mazoezi nikamfungulia daftari lake. Ukurasa mmoja, safu nne. Ya kwanza, mapigo ya moyo asubuhi kabla sijainuka kitandani: nilianza na 84 kwa dakika, mwezi wa sita yalikuwa 69. Ya pili, nguzo: kutoka moja hadi kumi na mbili bila kusimama. Ya tatu, kiuno, kwa utepe wa fundi cherehani, mara moja kwa mwezi: kutoka sentimita 104 hadi 97. Ya nne ni ngazi za kazini, ghorofa tatu, naandika tu nimefika nikiwa naweza kuongea au siwezi. Mwanzoni nilikuwa nikifika juu najifanya nasoma matangazo ukutani ili mtu asinisalimie.

Hiyo safu ya kiuno ndiyo iliyonishangaza. Mwezi wa sita uzito ulikuwa 88.1, kilo tatu na kitu tu, lakini sentimita saba zimeondoka na mkanda umerudi matundu mawili. Sehemu ya maelezo ni kwamba kilo ya mafuta hujaza nafasi kubwa kuliko kilo ya misuli. Sehemu nyingine ni kwamba mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka ini na utumbo ambayo ndiyo hatari zaidi, huitikia mazoezi hata pale mizani inapokaa kimya. Mtu anaweza kupungua mahali panapomuua bila kupungua mahali panapoonekana na shangazi.

Nilimwendea daktari pia, na hili nawasihi mlifanye mapema kuliko mimi. Kuna watu wanajilaumu mwaka mzima kumbe tezi ya shingo inafanya kazi kwa uvivu, au wana tatizo la homoni za uzazi, au wanatumia dawa inayoongeza uzito, kama zile za steroidi na baadhi ya dawa za msongo wa mawazo. Usingizi mbovu nao unachangia, unaongeza njaa. Mimi vipimo vilitoka salama, ila presha ilikuwa imeshuka kutoka 142 kwa 91 hadi 129 kwa 83. Nikamwambia daktari, kwa sauti ya kuomba radhi, kwamba nimepungua kilo tatu tu. Akaniambia nilifute hilo neno "tu."

Alichonieleza nikaenda kukithibitisha. Kulikuwa na utafiti mkubwa Marekani wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa mbioni kupata kisukari cha aina ya pili. Kundi moja lilisaidiwa kubadili mlo na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Matokeo yakatolewa mwaka 2002: uwezekano wa kupata kisukari ulipungua kwa asilimia 58 ukilinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa, na kundi hilo liliwapita hata waliopewa metformini, dawa ya kisukari. Wastani wa uzito waliopungua? Kilo 5.6. Mtu akipungua kilo tano na nusu mtaani, wala hakuna atakayemuuliza kama anaumwa. Ni kilo ambazo sisi tunaziita "hajapungua kitu."

Sasa kuhusu kuamka. Maana yote hayo unaweza kuyajua na bado saa kumi na moja kitanda kikakushinda. Hamasa mimi siitegemei tena. Ilikuwepo siku niliyonunua raba, ikaja tena mara chache baada ya kuona picha za watu, na kila mara iliondoka bila kuaga. Kilichonifanya niendelee ni jirani yangu.

Ni mama wa miaka sitini na moja, mimi namwita dada kwa kuwa hataki kuitwa mama. Anatembea kwa sababu aliambiwa sukari yake imeanza kupanda, na hajawahi kupanda mizani tangu hapo ila kliniki. Tulikutana barabarani mara tatu, mara ya nne akasema tu, "Kesho nitapita getini kwako saa kumi na moja na robo. Sigongi." Na kweli hagongi. Ukiwepo, mnaondoka. Usipokuwepo, anaondoka, na kesho yake hakuulizi ulikuwa wapi. Ningejua kumdanganya mume wangu kuhusu betri, lakini mtu asiyeuliza unamdanganyaje?

Miezi ya mwanzo nilikuwa nadhani nikikosa siku moja nimeharibu kila kitu, na fikra hiyo ilinifanya nikose ya pili, maana kilichoharibika kimeharibika. Kuna watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, waliowafuatilia watu 96 wakijijengea tabia mpya ndogo ndogo. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2010, jambo kugeuka mazoea lilichukua kama siku 66 kwa mtu wa kati, ila wengine walifika kwa siku 18 na wengine walikadiriwa kuhitaji 254. Na kukosa siku moja hakukuonekana kuharibu chochote cha maana. Wiki yangu ya saba, ile ya mizani, ilikuwa siku ya 49. Nilitaka kung'oa mche ambao haujashika hata mizizi. Mwezi wa tisa mtoto aliugua, nikakosa siku tisa mfululizo. Siku ya kumi nikasimama getini, nimejiandaa kujieleza. Dada akanitazama miguuni, akasema, "Funga hiyo kamba, utaanguka."

Huyu huyu ndiye niliyemsimulia siku moja, nikiwa na furaha ya mtu aliyesoma kitu kipya, kwamba mafuta mengi hayatoki kwa jasho. Mwaka 2014 wanasayansi Ruben Meerman na Andrew Brown walipiga hesabu ya kikemia wakaonyesha kwamba kilo kumi za mafuta zikiunguzwa mwilini, kilo 8.4 hutoka kupitia mapafu zikiwa hewa ukaa, na 1.6 zinazobaki huwa maji. Nikamwambia, "Dada, yaani unene wangu wote huu utatokea puani."

Tulikuwa tunapanda kilima. Akasema, "Basi acha kuongea, hema."

Hadithi ya kondakta nilimsimulia pia, na hiyo aliipenda, hasa ile ya daftari la suruali. Tangu siku hiyo ananiita Konda. Mwanzoni watu wa njiani walidhani ananipongeza.

Leo ni mwezi wa kumi na nne. Wastani wangu wa wiki iliyopita ulikuwa kilo 84.2. Asubuhi hii mizani imesoma 84.9. Jumatatu nilianza mazoezi ya kunyanyua vitu vizito, kwa kuwa mwili unaopungua hupoteza na misuli yake usipoipa sababu ya kubaki, na tangu jana nashuka ngazi za kazini nimeshikilia ukuta kama bibi harusi aliyevaa viatu vya kuazima. Nimeiandika 84.9 mahali pake. Mume wangu kaniuliza kutoka chumbani inasemaje, nikamtajia ilivyo, akaguna akageukia upande wa pili.

Raba ya kushoto kamba yake imekatika nikiwa naifunga. Natafuta nyingine kwenye droo, na huko nje nasikia hatua zinakaribia, hazipunguzi mwendo.

"Konda! Mimi napita."